Waya Uliopita Chini ya Kitanda cha Bibi

Niliapa kwa jina la Mungu juu ya kitu nisichokijua. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikianza na habari za wenzangu wa benchi, nitamalizia nimejificha nyuma ya migongo yao, na wana migongo mipana. Shemeji alipoleta gari lake la kuchajiwa, mimi ndiye niliyemuungia waya. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, alisimama mlangoni akanitazama nikiusukuma waya ule chini ya kitanda chake, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, huu hauna neno?” Nikamjibu, “Wallahi hauna neno, Bibi. Wewe lala usingizi wako.” Mimi ni fundi redio. Nilichokijua kuhusu kuchaji gari kingekaa kwenye kisoda na nafasi ikabaki.

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu, umelainika kwa kukaliwa hadi hauhitaji msasa. Upande wa kulia hukaa Gia, dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa kifua na sauti. Katikati hukaa Utafiti, aliyekuwa karani wa ghala, ambaye hajawahi kusema jambo bila kutanguliza “utafiti unaonyesha”. Mama Kahawa huweka jiko lake upande wa kushoto. Anamimina na kuchokoza. Mimi wananiita Spika, nakaa kwenye kizingiti cha kibanda na bisibisi mkononi, nikijifanya nafanya kazi. Ng'ambo ya njia, ambayo magari mawili hayapishani, ndiyo nyumba ya Bibi: mlango wa mbao, dirisha la nondo, mita ukutani, na gari la Shemeji limeegeshwa ubavuni kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Kamba yenyewe ndiyo ule waya, unatoka dirishani.

Benchi lina kanuni moja. Mjadala ukishaanza, haondoki mtu mpaka ufungwe. Anayeinuka kabla ya hapo ameshindwa, na jina lake linabadilishwa. Kuna fundi viatu aliinuka siku moja, tumbo linamsokota, kumbe kweli mgonjwa; mpaka leo anaitwa Mbio, na watoto wake ni watoto wa Mbio. Tangu hapo kila mtu anakaa. Tumekaa kwenye mvua. Tumekaa adhana ikitolewa, Mungu atusamehe, tukiambiana tutaiwahi rakaa ya pili.

Shemeji tunamwita hivyo kwa sababu alioa kwetu: mkewe ni binti wa Bibi, na binti wa Bibi ni dada yetu sote. Ni kijana mpole anayebeba abiria. Gari lake linakula kwa midomo miwili: lina injini ya petroli kama mengine, na lina betri kubwa inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Akilichaji likashiba, anazunguka mjini bila kugusa petroli. Shida ilikuwa soketi. Iliyo karibu na njia ni moja tu, nayo iko chumbani kwa Bibi, kichwani mwa kitanda. Waya wa chaja iliyokuja na gari haukufika. Akanunua waya wa kuongezea, nao haukufika. Basi akaja kwangu.

Nilikuwa na waya mwembamba, ule tunaotumia kwa redio na spika. Nikasokota nyuzi kwa vidole, nikazungushia tepu nyeusi, nikaikata kwa meno. Nikampa waya mrefu kwa ukarimu, ili hata akiegesha mbali ufike. Uliobaki nikauzungusha duara, nikaufunga katikati ukapendeza, nikausukuma chini ya kitanda na kuufunika kwa mkeka Bibi asijikwae. Kiungo nacho nikakiacha humohumo ndani kwa kuogopa mvua. Niliogopa maji. Joto halikunijia akilini. Redio inalamba umeme tu. Gari linaugugumia saa baada ya saa bila kupumzika, na waya uliokunjwa duara na kufunikwa mkeka hauna pa kutolea joto lake. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilijua kwamba Shemeji alinishukuru mbele ya watu, na Utafiti akasema mtaa wetu sasa una mhandisi. Nililipenda neno lile. Nalo ni kosa, naliweka pamoja na mengine.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya Alasiri, jua bado kali. Shemeji alimshusha abiria, akalichomeka gari, akatuinulia mkono na kwenda kunyolewa. Mkewe alikuwa ameshafunga mlango wa mbele kwa ufunguo na kwenda sokoni na kapu lake. Gia ndiye aliyeanzisha.

— Taa ya kibanda chako imefifia, Spika.

— Balbu kuukuu, nikasema.

— Siyo balbu. Ni lile dude. Likianza kunyonya, mtaa mzima unapauka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni chetu.

Balbu ile nilikuwa nimeifunga juzi, bado karatasi yake iko mezani. Niliigeukia, nikaiona inapumua: inafifia, inarudi, inafifia tena. Nikainamisha kichwa kwenye redio ya mteja.

Utafiti alimwambia Gia amechemka. Kila nyumba ina mita yake, akasema, na umeme ni kama wageni wa harusi, hawaingii kwa jirani asiyewaalika. Hatari ya kweli iko kwingine. Utafiti unaonyesha kwamba betri ikishajaa, umeme unaoendelea kuja unakosa pa kukaa. Basi unageuka. Unarudi kwa njia ileile uliyojia, lakini sasa umekasirika, na unatafuta mtu aliyevaa ndala zenye maji.

— Utafiti wa wapi huo? akauliza Mama Kahawa.

— Wa nje.

— Nje ya wapi?

— Nje ya hapa, mama. Mimina kahawa.

Mama Kahawa alimimina, lakini hakunyamaza. Yeye alikuwa na maoni yake, na kwa kweli yalikuwa na akili kuliko yetu. Alisema gari lile ni nyumba ya wake wawili. Petroli ndiye mke mkubwa, umeme ndiye mdogo. Bwana akimlisha mdogo kila siku, mkubwa atakaa kimya, atakaa kimya, halafu siku moja atatia moto kwenye pazia. Yeye aliyaona kwa macho yake, akasema, kwa dada yake wa tumbo moja, na wala hakukuwa na gari.

Tulicheka. Gia akasema wanawake mnaona wivu hadi kwenye injini. Mama Kahawa akamjibu kwamba yeye kaendesha malori miaka yote ile na hakuna mke aliyemsubiri, basi wivu ataujulia wapi. Hapo Gia alikunja uso, na Gia akikunja uso huleta jambo zito.

— Nyie mnacheza. Mimi nitawaambia nilichosikia kwa masikio haya. Nilipita pale alfajiri nikienda kuswali. Gari limezimwa, hamna mtu ndani, milango imefungwa. Nikalisikia linahema.

— Linahema vipi? akauliza Utafiti.

— Kama mtu. Linavuta, linatoa. Nikasimama, likanyamaza. Nikapiga hatua, likaanza.

— Hiyo ni feni ya kupoza, nikasema.

— Feni ya kupoza nini, kama hakuna kinachochemka? Nijibu, mhandisi.

Nilikuwa nimelitaja neno feni ili nionekane najua. Gia akasogeza kikombe chake, akashusha sauti, akasema tangu gari lile lifungwe dirishani, Bibi anakohoa. Pumzi ile linaitoa wapi? Chuma hakina mapafu. Linaichukua kwa aliye karibu, kidogo kidogo, anapolala. Bandu bandu huisha gogo.

Jua lilikuwa pale pale, watoto wanacheza mpira mwisho wa njia, lakini nilimwona Mama Kahawa anajifunika vizuri mtandio wake kama mtu aliyepigwa na baridi. Utafiti alitaka kumpinga Gia, akaishia kuongeza chumvi: utafiti unaonyesha, akasema, kwamba betri za namna ile zina kumbukumbu. Zikimzoea mtu hazimsahau.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka.

Kila fundi ana harufu anayoiogopa. Yangu ni ile inayotangulia kabla ya moshi, plastiki inapoanza kulainika, tamu kidogo, inashika kwenye koo. Nimeinusa kwenye redio nyingi, na kila mara mkono wangu huwa umefika kwenye plagi kabla akili haijaamka. Siku ile mkono haukwenda popote. Harufu ilitoka ng'ambo.

— Mnasikia harufu? nikauliza.

— Jiko la mama, akasema Gia.

— Jiko langu halili plastiki.

— Basi ni gari. Vitu vipya vinanuka.

— Gari lile lina umri wa mtoto anayeanza shule, akasema Mama Kahawa. Upya wake ni wa kwetu tu.

Utafiti alisema kuna mtu anachoma takataka nyuma ya nyumba. Mama Kahawa akauliza, kwani waya nao si huweza kushika moto? Aliuliza akinitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo Gia akamkata: maji ya moto hayachomi nyumba. Utafiti akaunga mkono kwamba ndani ya betri ni maji na chumvi tu, kwa hiyo methali ile inahusu kabisa.

Nataka nieleze kilichonikalisha, kwa sababu nimejiuliza sana. Kanuni ya benchi ilikuwa sehemu, lakini ndogo. Ningeweza kuishi na jina la Mbio wa Pili. Kubwa lilikuwa hili: nikiinuka nikakimbilia waya ule mbele yao, watauliza kwa nini fundi anaukimbilia waya aliouapia. Nikikaa, huenda ikawa takataka kweli. Vidole vyangu vilikuwa vya baridi juani. Bisibisi iliteleza ikachuna ubao wa redio ya mteja. Nikaomba dua, na dua yenyewe ni aibu kuiandika. Nilimwomba Mungu abadilishe harufu ile iwe ya kitu kingine. Sikumwomba anipe miguu.

Pazia la Bibi lilikuwa limeshushwa. Kwenye pembe ya dirisha, pale waya ulipotokea, uzi mwembamba wa moshi ulipanda, ukajikunja, ukapotea.

— Ule pale ni nini? akasema Mama Kahawa.

Gia aliutazama kwa jicho moja.

— Dalili ya mvua ni mawingu. Ule ni moshi, hauhusiani.

Tukacheka tena, na mimi nilicheka. Nilicheka nikiutazama.

Ndipo akatokea dada mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu. Alikuwa na pasi ndani ya mfuko, amekuja kuitengeneza. Kuna mtu alimwelekeza kibanda cha fundi mbele ya benchi. Akatuamkia vizuri, tukamwitikia. Gia akamsogezea nafasi akae, na Utafiti akaanza kumfahamisha tulikofikia kwenye mjadala: kama gari linahema, na kama linahema, pumzi ni ya nani. Yule dada hakukaa. Hakuwa anaijua kanuni yetu. Alikuwa anatazama dirisha.

— Samahani, wazee wangu. Ndani ya nyumba ile kuna mtu?

Mkaa ulipasuka kwenye jiko la Mama Kahawa.

Utafiti alisema leo ni siku ya Bibi ya kliniki. Gia akasema kliniki ilikuwa juzi, yeye ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Mama Kahawa akasema kwa kawaida Bibi hupokea kikombe chake dirishani kila baada ya Alasiri, na leo hakukipokea, naye alifikiri kalala. Au labda alitoka na binti yake. Tulimwona binti yake akitoka. Tulimwona na kapu. Alikuwa peke yake? Gia alisema peke yake. Utafiti alisema kulikuwa na mtu nyuma yake. Mimi nilikuwa nimekaa nimeuelekea mlango ule tangu asubuhi, na sikujua.

— Lakini mlimwona akitoka? yule dada akauliza tena.

Tulikuwa tumeshaeleza umeme unakokwenda betri ikishiba. Tulikuwa tumejua betri inamkumbuka nani na chuma kinavuta pumzi ya nani. Mwanamke mzee aliyewazalisha mama wa nusu ya mtaa, anayelala ng'ambo ya njia, hatukujua yumo au hayumo.

Yule dada aliiweka pasi yake juu ya benchi, akavuka.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka sauti yangu ikimwambia, “Usiushike waya, dada, usiushike,” na nakumbuka bati la moto la kiboksi cha mita nilipolifungua. Nikashusha swichi kuu. Gari lilikata mvumo wake, na kimya kilichofuata kilinitisha kuliko mvumo. Nikaupiga mlango kwa viganja. Nikaita, “Bibi.” Nikaweka sikio. Hamna. Nikaita tena, na mara hii niliita “Mama,” sijui kwa nini, mama yangu alikufa zamani.

Kikohozi kilijibu. Hakikutoka chumbani wala kitandani. Kilitoka chini kabisa, nyuma ya ubao wa mlango, karibu na miguu yangu.

— Yupo, nikasema. Yupo mlangoni, Gia, usiupige kwa mguu, utamuumiza.

Gia aliweka bega upande wa komeo, akausukuma taratibu kama anavyosukumwa ng'ombe mgonjwa, mpaka fremu ikaachia. Moshi ulitoka kwanza. Kisha tukamwona Bibi amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ufunguo wa ndani umo mkononi mwake. Alikuwa ameutoa msumarini. Alikuwa ameufikisha hadi mlangoni. Tundu ndilo aliloshindwa kuliona.

Gia alimbeba kama mtoto. Mama Kahawa alikuwa ameshaingia na ndoo yake ya kuoshea vikombe, akaimwaga juu ya godoro lililokuwa linaliwa na moto wa ndani, ule usio na ndimi, halafu akarudi mbio na birika na kumwaga kahawa yote iliyobaki. Chumba kilinuka kahawa, nywele na plastiki. Shemeji akatokea anakimbia na kitambaa cha kinyozi bado kiko shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa. Aliichomoa chaja kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, na Gia, yuleyule Gia, akaingia ndani ya tumbo la lile dude na Bibi mapajani, akimwambia vuta pumzi, mama, vuta, toa, vuta.

Likaondoka bila sauti. Nilitamani lingenguruma, mtu ajue kuna jambo.

Mama Kahawa akakimbilia sokoni kumwita binti wa Bibi, tukabaki mimi, yule dada na Utafiti. Niliinama nikaufunua mkeka. Duara langu lilikuwa limekuwa donge moja jeusi, nyuzi zimetokeza kama mifupa ya samaki, na tepu imeyeyukia sakafuni. Hapo mtu angeweza kusema lolote. Utafiti alilisema. Alisema si alituambia: umeme umerudi. Gari lilijaa, umeme ukageuka, ukaja na hasira. Alisema Shemeji aliuze gari lile kesho, hata kwa hasara, kabla halijaua.

Nataka uielewe ile dakika kama nilivyoielewa mimi. Maneno ya Utafiti yalikuwa mlango wazi. Nikinyamaza tu, bila hata kusema uongo, gari lingebeba kosa. Shemeji angepoteza kazi yake, mtaa ungekuwa na jini lake jipya la kusimulia, na mimi ningebaki mhandisi.

Yule dada alichuchumaa karibu yangu, akalitazama donge.

— Nani aliufunga hivi?

— Gari, akasema Utafiti.

— Siulizi gari.

Niliuweka mkeka kando.

— Mimi, nikasema. Niliuunga mimi, nikaukunja mimi, nikaufunika. Na nikamwapia mwenyewe kwamba hauna neno.

Alinitazama. Hakuwa na hasira usoni; ingekuwa nafuu. Akainuka, akavuka njia, akachukua mfuko wake juu ya benchi.

— Basi pasi yangu naondoka nayo, kaka.

Akaenda zake. Mpaka leo sijui anaitwa nani wala alitokea wapi, na kila Ijumaa namwombea.

Bibi hakufa. Alhamdulillah, nalisema kwa sauti kila ninapoliandika. Lakini sauti aliyokuwa akituitia nayo dirishani haikurudi. Iliyobaki ni kama karatasi inayoburutwa. Halali tena chumba kile, na kokote anakolala hataki mlango urudishwe hata nusu. Binti yake anasema huamka akipapasa ukuta.

Shemeji nilimwambia hospitalini kule kule, kwenye korido, kichwa chake bado nusu nusu. Nilimweleza waya, kiungo, duara, mkeka, na kiapo. Nilifikiri kiapo ndicho kitakachomuumiza. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, halafu akaniuliza jambo moja tu.

— Harufu uliisikia lini?

— Kabla yule dada hajaja.

— Kabla kiasi gani?

— Kikombe kizima cha kahawa, shemeji yangu.

Akageuza uso. Baada ya hapo alinisalimia njiani kama unavyomsalimia mtu wa mtaa wa pili, na namshukuru hata kwa hilo.

Gari hakuliuza. Alimwita fundi wa umeme wa majumba, mtu wa kazi hiyo hasa, akamvutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita, wenye swichi yake ya kujikata na waya wake wa ardhini, hadi soketi ya nje ukutani yenye kifuniko. Sasa linachajiwa pale, na dirisha la Bibi halipitishi kitu ila hewa. Benchi bado lipo. Utafiti bado anatafiti. Mimi gari lile linapoanza kuvuma baada ya Alasiri, vidole vyangu hupata baridi vilevile, na hakuna siku ambayo sijavuka njia kwenda kuugusa ule ukuta kwa mgongo wa mkono. Wananiona. Hakuna anayenitania.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, nina ombi. Kama kwako kuna gari linalochajiwa, au kitu chochote kizito kinachovuta umeme kwa waya uliofungwa na mtu wa aina yangu, kizime, ukunjue waya wote uone ulivyo, na usikiwashe tena mpaka aje fundi anayeijua kazi hiyo. Lakini hata kabla ya fundi, nenda kagonge mlango wa anayelala karibu na waya huo. Nenda sasa. Na usiondoke pale mlangoni mpaka akuitikie.